Jua la Mfalme na Ungo wa Bibi: Ishara ya Jua katika Picha za Baroki na katika Kanga ya Uluguru

Utangulizi

Makala haya ni ya kujisahihisha. Nilipokuwa mwaka wa pili tulipewa kazi ya kuhakiki ishara moja katika sanaa ya jamii tunakotoka. Wenzangu walichukua ngoma, vitendawili na majina ya watu. Mimi nikachukua kanga ya bibi yangu mzaa mama, kwani nilikuwa nayo chumbani. Alinifungashia nayo vitabu siku nilipoondoka nyumbani, kijiji kimoja jirani na Kinole, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru.

Katika mji wa kanga hiyo pana duara kubwa la manjano lenye miali pande zote. Chini yake pana jina: MCHUMIA JUANI HULIA KIVULINI. Mimi, bwana, sikuhangaika. Nikaandika kurasa nane kwamba duara lile ni jua, na jua ni ishara ya matumaini, ya mwanga unaolishinda giza, ya elimu na ukombozi. Nikapata alama nzuri, na mwalimu akanisifu mbele ya darasa.

Likizo ilipofika nikapanda gari Morogoro mjini, nikapitia Bigwa, nikapandisha milima na kazi yangu mkobani. Jioni nikamsomea bibi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, halafu akauliza:

"Jua liko wapi hapo?"

Nikamwonyesha duara.

"Hilo ungo, mume wangu. Hata ungo huujui? Na hiyo miali yako itazame vizuri. Kila mmoja una kichwa. Umeona wapi jua lina vichwa? Hizo karafuu."

Nikaitazama kanga kwa karibu. Kweli, kila mwali uliishia kwenye kidonge kidogo cha mviringo, kama karafuu iliyochumwa kabla haijachanua. Kurasa nane nilikuwa nimeandika bila kuiona picha yenyewe.

Tangu siku hiyo nimejiuliza jua lile nililoliandika nililitoa wapi, kama halikutoka kwenye kanga ya bibi. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba lilikuwa jua la watu wengine, lenye historia yake na sababu zake, nami nililichukua mzimamzima kama kitu cha binadamu wote. Ili kulithibitisha hilo itabidi tufike Ulaya ya karne ya 17, kwenye picha za kuchapwa za kipindi kinachoitwa Baroki, kisha turudi pwani, na mwisho tupande tena Uluguru.

Picha za kuchapwa na jua lililoachwa wazi

Baroki ni jina wanalolitumia wanahistoria wa sanaa kwa kipindi cha Ulaya kinachoanza kama mwaka 1600 na kwisha kama mwaka 1750. Wengi wetu tukilisikia tunafikiria makanisa yaliyojaa dhahabu na malaika wanaoruka darini. Lakini mtu wa kawaida wa Amsterdam au Paris hakuwa na dari ya namna hiyo nyumbani. Picha aliyoweza kuinunua ilikuwa karatasi iliyochapwa.

Kazi yenyewe ilifanywa hivi. Fundi alichukua bamba la shaba, akachonga mistari kwa chuma chenye ncha, au akalipaka nta, akachora juu ya nta na kuiachia tindikali ile mistari. Kisha alipaka wino, akafuta juu ili wino ubaki ndani ya mistari tu, akaweka karatasi iliyoloweshwa kidogo, akapitisha vyote kwenye mtambo. Mwaka 1642 Mfaransa Abraham Bosse alichapa picha ya karakana ya namna hiyo: mafundi wako mtamboni, na juu ya vichwa vyao karatasi zilizochapwa zimetundikwa kwenye kamba zikauke, kama kanga uani kwetu.

Sasa msomaji azingatie jambo moja la kiufundi, maana lina uzito katika uhakiki. Katika picha ya wino mweusi, jua halichorwi. Jua ni karatasi iliyoachwa wazi. Fundi huchora giza, huchora mawingu, huchora miali, na pale katikati huacha peupe. Kwa hiyo katika sanaa hii mwanga unaonekana kwa sababu giza limeuzunguka. Uadui wa mwanga na giza haukuwa mawazo ya wanafalsafa na mapadri peke yao. Ulikuwamo ndani ya bamba la shaba lenyewe.

Picha hizi zilionyesha maisha ya kila siku kwa wingi ajabu. Mholanzi Jan van de Velde wa Pili alichapa mifululizo ya miezi kumi na miwili na ya majira ya mwaka, watu wakiwa mashambani, barabarani na juu ya barafu. Jan Luyken na mwanawe Caspar walitoa mwaka 1694 kitabu cha picha 100 za kazi za mikono, kila fundi na zana zake. Claude Lorrain, mzaliwa wa Lorraine aliyefanya kazi Roma, alichapa mwaka 1634 picha ya jua linalochomoza bandarini: jua liko chini karibu na maji, na pwani watu wameshaanza kazi. Katika picha kama hiyo jua ni baraka. Linafungua siku, linaonyesha njia ya chombo, linampa mtu nafasi ya kufanya kazi yake.

Kwa nini baraka? Tusiharakishe kujibu kwamba jua ni baraka daima. Karne ya 17 Ulaya ilikuwa katika kipindi cha baridi kali kuliko leo. Mifereji ya Uholanzi iliganda mara kwa mara, na ndiyo maana michoro ya wakati ule imejaa watu wanaoteleza juu ya barafu. Siku za Desemba kule ni fupi, jua linatoka limechelewa na kuondoka mapema. Mtu wa namna hiyo akikwambia jua ni rehema, anasema kweli tupu.

Mfalme anapojitwalia jua

Kitu kinachopendwa na wengi hakikosi mkubwa wa kukidai kuwa chake. Februari 1653 Louis wa Kumi na Nne wa Ufaransa, akiwa na miaka 14, alicheza katika ngoma ya kifalme ya usiku kucha, na mwishoni akatokea amevaa vazi la jua linalochomoza. Baadaye alilifanya jua kuwa nembo yake rasmi, pamoja na maneno ya Kilatini yaliyodai kwamba analingana na wengi. Elimu ya nyota nayo ilikuwa imegeuka. Tangu kitabu cha Copernicus cha mwaka 1543 palikuwa na wasomi waliosema jua ndilo lililo katikati na dunia inalizunguka. Galileo alihukumiwa na Kanisa mwaka 1633 kwa kulishikilia hilo. Kilichokuwa kosa kwa msomi kikawa pambo kwa mfalme: yeye yuko katikati, wengine wote wanamzunguka.

Lakini ishara ikishachapwa kwenye karatasi ya bei nafuu, mwenyewe haimiliki tena. Mwaka 1668 Waholanzi waliungana na mataifa mengine kuizuia Ufaransa, na uvumi ukaenea kwamba balozi wao, Coenraad van Beuningen, ametengenezesha medali inayomwonyesha yeye kama Yoshua wa Biblia akiliamuru jua lisimame. Mwaka 1672 majeshi ya Louis yaliivamia Uholanzi, na wachapaji wakajibu. Romeyn de Hooghe alichapa karatasi nyingi za kuwakejeli Wafaransa na mfalme wao. Mwaka 1691 ukatoka mfululizo wa picha za kejeli juu ya wale waliowatesa Waprotestanti wa Ufaransa, na humo mfalme ana uso uliozungukwa na miali ya jua, lakini kavishwa kofia ya mtawa. Jua ni lilelile, miali ni ileile, ila aliyelishika sasa ni mwingine, naye analitumia kumchekea mwenye nalo.

Hapo nilianza kuelewa kosa langu. Jua la "mwanga unaolishinda giza" nililoliandika kuhusu kanga ya bibi lilikuwa jua la nchi ya baridi, lililopitia kanisani, ikulu na kwenye bamba la shaba, likaja mpaka kwetu ndani ya vitabu vya uhakiki. Halikuwa jua la uongo. Lilikuwa jua la mahali.

Nembo na kanga

Kuna jambo jingine katika picha hizo ambalo msomaji wa Kiswahili hawezi kulipita hivihivi. Mwaka 1531 kilichapwa kitabu cha Mwitalia Andrea Alciato kilichoanzisha mtindo wa vitabu vya nembo. Nembo ya namna hiyo ina sehemu tatu: maneno machache ya juu, picha ya katikati, na shairi fupi la chini linalofafanua. Mholanzi Jacob Cats, kuanzia mwaka 1618, aliuchukua mtindo huu na kuuingiza jikoni na sokoni. Picha zake zilichorwa na Adriaen van de Venne kutoka maisha ya kila siku, na maneno yake yalijaa methali. Watu walimwita Baba Cats, na inasemwa kwamba katika nyumba nyingi za Uholanzi kitabu chake kilikaa kando ya Biblia.

Sasa tandaza kanga kitandani uitazame. Ina pindo linaloizunguka, ina mji wenye picha, ina jina lenye maneno machache, aghalabu methali au mafumbo. Nani atanikatalia nikisema kwamba hii nayo ni nembo? Shairi la ufafanuzi halimo, hilo ni kweli. Lakini ufafanuzi wa kanga haukosekani, ila hauchapwi. Ufafanuzi ni mvaaji: nani kaivaa, siku gani, akapita mbele ya mlango wa nani. Kwa sababu hiyo nathubutu kusema kwamba kanga ni nembo ambayo mstari wake wa tatu huandikwa upya kila inapovaliwa.

Sisemi kwamba kanga ilizaliwa na Baba Cats, la hasha. Kanga ilianza Unguja na Mombasa katika nusu ya pili ya karne ya 19, wanawake waliponunua vitambaa vya leso na kuviunganisha kuwa vazi moja. Neno leso lenyewe ni la Kireno. Majina yaliongezwa baadaye, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa herufi za Kirumi. Hata hivyo historia ina mizaha yake. Kanga nyingi za zamani zilichapwa Ulaya, na miongoni mwa wachapaji walikuwamo akina Van Vlissingen wa Helmond, mji wa Uholanzi. Baadaye zikaja za India na Japani, na baada ya uhuru tukachapa zetu wenyewe, mathalani katika kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China. Kwa hiyo nchi iliyochapa jua la kumkejeli Louis ndiyo iliyochapa pia kanga za bibi zetu wa zamani. Tofauti ni kwamba Helmond walichapa kitambaa, wenyewe wa pwani wakatoa maneno, na mwanamke aliyevaa akatoa maana.

Kivuli, mwavuli na mvua

Tuitazame methali sasa. Mchumia juani hulia kivulini. Wapo wanafunzi, nami nilikuwa mmojawapo shule ya msingi, wanaodhani kwamba "hulia" hapa ni kutoa machozi. La, ni "kula" katika kauli ya kutendea: anakula akiwa kivulini. Methali inasema aliyetaabika juani atastarehe kivulini.

Je, jua katika methali hii ni matumaini? Hata kidogo. Jua ni jasho, ni jembe, ni siku ndefu. Matumaini yako kivulini! Katika picha za Baroki kivuli kimesimama upande wa usiku, wa ujinga, wa dhambi. Katika Kiswahili kivuli ni mahali pa mkeka, pa mazungumzo, pa chakula. Mwenye huruma tunasema ni kivuli cha wanyonge. Wenzetu wa Kenya mafundi wanaofanya kazi bila paa wamewaita jua kali, na jina hilo limekuwa rasmi hata serikalini. Wale mafundi 100 wa Luyken wengi wako ndani ya karakana, na nuru inayoingia inawasaidia kuona. Fundi wa jua kali hahitaji kusaidiwa kuona. Anahitaji turubai.

Hata ukubwa wetu wa kale haukutafuta jua. Vasco da Gama alipofika Malindi Aprili 1498, mmoja wa wasafiri wake aliandika jinsi mfalme alivyokuja akiwa chini ya mwavuli wa mviringo wa satini nyekundu uliofungwa kwenye mti, na mbele yake siwa zikipulizwa. Na neno mwavuli linatokana na kivuli. Louis alitaka kuwa jua lenyewe. Mfalme wa Malindi aliona fahari kuwa na kivuli kinachotembea.

Tukipanda kwetu Uluguru tunakuta kitu cha tatu. Kule Kinole, Kingalu, mkuu wa jadi ambaye jina lake hurithiwa, alikuwa mashuhuri kwa mvua. Watu walimwendea ili inyeshe. Mtu anaweza kuuliza mvua ya nini kwenye milima ambayo upande wake wa mashariki hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Lakini mkulima hali jumla ya mwaka. Mvua ikichelewa wiki tatu, mahindi yanakauka yakiwa machanga, na huko chini tambarare mpunga haupandwi. Mwenye mvua ndiye mwenye watu.

Tukiwaweka wakubwa hawa watatu pamoja, Louis na jua lake, mfalme wa Malindi na kivuli chake, Kingalu na mvua yake, mimi naona kanuni moja. Mtawala hujitwalia kile ambacho watu wake wana kiu nacho. Kwa hiyo mhakiki anayekutana na jua katika matini asiulize kwanza jua linamaanisha nini. Aulize: watu hawa wamekosa nini?

Mikarafuu kumi na minane

Bibi aliponiambia kuhusu ungo hakuishia hapo. Alinieleza kanga ile aliivaa lini.

Babu alikuwa mtu wa lukolo jingine, akaja kukaa kwenye ardhi ya ukoo wa bibi, kama ilivyokuwa desturi kwetu Waluguru ambao ukoo hufuata upande wa mama. Katika ardhi hiyo walipanda mikarafuu kumi na minane. Desturi inasema ardhi ni ya ukoo, lakini mti ni wa aliyeupanda. Na warithi wa mwanamume kwa mila ya zamani si watoto wake, ni wapwa zake. Basi babu alipofariki, matanga yalipokwisha, wapwa wakaja. Hawakuja kwa ubaya. Walikuja kwa mila: mikarafuu ni ya mjomba wetu, tunaomba tuichume.

Wazee wakaitisha kikao chini ya mikarafuu yenyewe. Bibi alijua akisema sana ataambiwa anavunja mila. Akaenda dukani Mkuyuni akanunua doti ya kanga, akajifunga moja na kujitanda nyingine, akaja kukaa mbele ya wazee jina likiwa mgongoni. Akainuka kuchota maji, akapita mbele yao. Akainuka tena kuleta kigoda, akapita tena. Kila aliyejua kusoma alisoma, na asiyejua akasomewa na jirani yake.

Mpwa mmoja, mcheshi, akasema: "Mama mkubwa, kanga yako inasema unalia kivulini. Msiba umekwisha, sasa unalia nini?"

Watu wakacheka. Bibi akamjibu: "Mimi kivulini hapa nalia kote kuwili. Nalia kwa kuwa mjomba wako hayupo, nakula kwa kuwa tulichuma wote juani. Miche hii maji aliyapandisha nani kutoka mtoni? Wewe jua lile ulikuwa umekaa wapi?"

Kwa maneno hayo kikao kiligeuka. Wazee waliuliza nani alichimba, nani alibeba maji, nani alipalilia. Ikajulikana kwamba mpandaji hakuwa mmoja, walikuwa wawili. Mwisho wakaamua wapwa wapewe mavuno ya msimu mmoja kwa heshima ya mjomba wao, na miti ibaki kwa bibi. Ndiyo mikarafuu iliyonilipia sare na daftari.

Nilipoyasikia hayo niliona aibu juu ya kurasa zangu nane. Nilikuwa nimeandika kwamba kanga ile ni "wito wa matumaini kwa jamii kwa ujumla". Kumbe ilikuwa hoja ya kisheria. Mwanamke alikuwa akidai miti yake, na kila neno la jina lile lilikuwa na mahali pake: jua ndiyo kazi aliyoifanya, kivuli ndicho mikarafuu iliyokuwa inagombewa, na kulia ndiko kuwili alikokusema. Hata wale wachapaji wa Uholanzi waliomvisha mfalme kofia ya mtawa, nadhani wangemwelewa bibi upesi kuliko mimi. Wao nao walikuwa wamevamiwa, na silaha yao ilikuwa picha yenye maneno.

Ungo, jua na hoja za kupinga

Mwenzangu mmoja niliyemsimulia haya alinipinga, na hoja yake ni nzuri. Alisema: "Umejuaje kama mchoraji wa kiwandani alikusudia ungo? Huenda alichora ua tu akaenda zake nyumbani."

Kweli, huenda. Kwa mchoraji aliyekaa mbali na Kinole lile lilikuwa duara la kujaza mji wa kanga. Lakini hapo ndipo tofauti ya kusoma vizuri na kusoma vibaya inapoonekana. Usomaji wangu uliihitaji picha irudie maneno: jina limetaja jua, basi duara ni jua. Usomaji wa bibi uliipa picha kazi yake. Maneno yametaja jua na kivuli, mwanzo wa safari na mwisho wake. Kati ya hivyo viwili kuna nini? Kuna ungo. Karafuu ikichumwa haiwi fedha hapohapo. Huanikwa siku kadhaa, ikianuliwa kila wingu linapojikusanya, halafu hupepetwa. Ungo ndio unaoitoa mali juani na kuileta kivulini. Nembo nzuri, hata kwa wale wa Ulaya, ni ile ambayo picha na maneno havisemi jambo moja mara mbili. Kwa kipimo hicho bibi alisoma nembo, mimi nilisoma jina tu.

Hoja ya pili ya kunipinga naitoa mwenyewe. Nimesema kwetu jua ni taabu. Lakini siku za kuanika, bibi huyohuyo huamka alfajiri na kutazama angani akiomba jua litoke, maana karafuu isiyopata jua huvunda. Na ukienda Mgeta, upande wa magharibi wa milima hiyohiyo, Juni na Julai watu hujitanda blanketi na kukaa upande wa ukuta unaopigwa na jua la asubuhi, wakifurahi kama Mholanzi yeyote wa Van de Velde. Ukishuka tambarare za Ngerengere, jua hilohilo ni adui wa mazao. Kwa hiyo nisije nikalifuta kosa moja kwa kuandika jingine, nikasema "Ulaya jua ni zuri, Afrika jua ni baya". Safu moja tu ya milima, mwendo wa siku chache kwa miguu, ina majua matatu.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba jua la matumaini, ambalo wahakiki wanafunzi tunalipachika kila mahali, lina kwao: lina baridi yake, lina mfalme wake, lina bamba lake la shaba. Halina kosa likiwa kwao. Kosa ni letu tunapoliona ndani ya kanga bila kuitazama kanga.

Nina ombi kwa wenzangu wa darasa la fasihi. Tukikutana na ishara, kabla ya kufungua kitabu cha nadharia tumuulize mwenye nayo alikuwa wapi, anafanya nini, na alikuwa anabishana na nani. Kanga nyingi ziko makabatini mwa bibi zetu, na nyingine zimeshachanwa kuwa mbeleko na tambara. Mstari wake wa tatu hauko kwenye kitambaa. Uko vichwani mwa wazee, nao hawatatusubiri tuhitimu.

Kanga ya bibi nilimrudishia likizo ile. Manjano ya mjini yamepauka, herufi bado zinasomeka. Msimu uliopita niliikuta juu ya jamvi, karafuu zimemwagwa juu yake, na yeye amekaa pembeni chini ya mkarafuu anafukuza kuku. Nikamwambia nataka kuandika upya ile kazi yangu. Akasema andika, lakini kwanza nisaidie kuanua, wingu linakuja.